Kompyuta ya usanifu: Nunua kwa kazi, usinunue kwa sifa

MCHAGUA jembe si mkulima, walisema wahenga. Walikuwa wakimsema mvivu ambaye kila akikabidhiwa jembe hulitafutia kasoro, hadi jua linapanda yeye akiwa bado kivulini.

Katika biashara ya usanifu wa michoro, methali hiyo inahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Jembe la msanifu ni kompyuta, na kompyuta ya mezani huundwa kwa vipande vinane au zaidi, kila kimoja kikiwa na bei yake, kazi yake na udhaifu wake. Hapa asiyechagua ndiye anayelima kwa hasara.

Biashara hii imekua sambamba na usindikaji mdogo wa mazao. Unga wa lishe, asali, viungo, korosho zilizobanguliwa na juisi, kila bidhaa inayotaka kupangwa kwenye rafu za supamaketi inahitaji kifungashio chenye lebo inayosomeka. Juu ya lebo hiyo hukaa jina la mzalishaji, uzito, tarehe ya kuisha matumizi, alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa bidhaa iliyothibitishwa, na msimbomilia, ile mistari inayosomwa na mashine kaunta, ambayo kwa Tanzania huanza na tarakimu 620.

Nyuma ya lebo hizo wapo vijana wenye chumba kimoja, meza moja na kompyuta moja, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Morogoro, Arusha na Mwanza. Wengi huanza kwa mkopo wa SACCOS, au kupitia vikundi vinavyokopeshwa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu.

Mkopo una tarehe za marejesho na tarehe hizo hazisubiri mashine iamke. Ndiyo maana uamuzi wa nini kiwekwe ndani ya kasha la kompyuta ni wa kiuchumi kwanza, kisha ndipo unakuwa wa kifundi.

Somo kutoka shambani

Katika karne ya 19, wanakemia wa Ujerumani Carl Sprengel na Justus von Liebig walieleza kanuni ambayo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya kilimo. Kanuni hiyo inasema mavuno hayaamuliwi na kirutubisho kilicho kingi shambani, bali na kile kilicho haba kuliko vyote.

Mkulima wa mahindi anaweza kumwaga urea mfuko juu ya mfuko, lakini kama udongo umeishiwa fosforasi, mahindi hayatazidi pale fosforasi ilipoishia. Fedha ya urea iliyozidi huwa imetupwa.

Kompyuta hufuata kanuni hiyo hiyo. Prosesa yenye kasi kubwa ikiunganishwa na RAM ndogo itakaa ikisubiri. Kadi ya michoro ya bei kubwa ikiwekewa diski ya kizamani haitafungua faili upesi. Monita duni itamfanya msanifu achapishe rangi ambayo mteja hakuiagiza, hata kama vilivyomo ndani ya kasha ni vya daraja la kwanza.

Kwa hiyo swali la kwanza si "ipi ni kompyuta kali?" Swali ni "kwa kazi yangu, ni kipi kitakachokuwa haba?" Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha fedha iende wapi.

Anza na daftari la kazi

Kabla ya kuingia dukani, ni vyema msanifu aandike kazi zake za miezi mitatu iliyopita au zile anazotarajia kuzipata. Kimsingi kazi za usanifu huangukia katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la lebo, vipeperushi, kadi, vitabu na mabango, yaani kazi za picha bapa zinazoishia kwenye mashine ya kuchapa. Kundi la pili ni la video na picha nyingi za kamera. Kundi la tatu ni la majengo na vitu vya umbo la pande tatu, kama ramani za nyumba na picha za jengo ambalo bado halijajengwa.

Makundi haya hayali chakula kimoja. Kazi za kundi la kwanza hula zaidi RAM, diski na monita. Za kundi la pili hula diski kubwa, prosesa yenye kore nyingi na kadi ya michoro. Kundi la tatu hutegemea programu: kuchora ramani hutaka kasi ya kore moja moja, na kutengeneza picha kamili ya jengo hutaka kore nyingi au kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya kutosha.

Anayefanya lebo akinunua mashine iliyopangwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta atakuwa amelipia trekta kwa ajili ya bustani ya mchicha.

Prosesa na ubao mama

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote. Leo prosesa za kawaida huwa na kore 6, 8 au zaidi, lakini wingi wa kore si kipimo pekee. Sehemu kubwa ya kazi za kuchora mistari na kupanga kurasa hutumia kore chache kwa wakati mmoja. Kwa msanifu wa lebo, prosesa ya kisasa yenye kore 6 za kasi hutosha, na huweza kumpa huduma nzuri kuliko ya zamani yenye kore 12 za polepole.

Jambo ambalo huwaponza wanunuzi wengi ni herufi zilizo mwishoni mwa jina la prosesa. Prosesa za Intel zinazoishia na herufi F hazina sehemu ya michoro ndani yake. Mtu akinunua prosesa ya aina hiyo kwa kuwa ni nafuu, bila kununua kadi ya michoro, atawasha mashine na kuona skrini nyeusi. Kwa AMD, prosesa nyingi za mezani za familia ya Ryzen 5000 hazina sehemu hiyo isipokuwa zenye herufi G.

Ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, ndio shamba lenyewe ambamo vipande vyote hupandwa. Hapa kuna mambo matatu ya kukagua. Kwanza, soketi yake ilingane na prosesa: prosesa ya AM4 haikai katika AM5, na ya LGA1700 haikai katika hizo mbili. Pili, aina ya RAM inayopokelewa. Tatu, idadi ya nafasi za kuongeza RAM na diski baadaye.

Watengenezaji wa ubao mama huweka wazi orodha ya prosesa zinazokubalika katika kila modeli. Kuisoma orodha hiyo ni kazi ya dakika kumi ambayo huokoa safari mbili za kurudi dukani.

RAM: Hapa ndipo lebo hukwama

RAM ni meza ya kazi. Ikiwa ndogo, msanifu hulazimika kuweka karatasi sakafuni na kuinama kila mara kuziokota. Kompyuta nayo ikikosa nafasi katika RAM huhamishia kazi kwenye diski, na hapo ndipo kipanya huganda.

Hesabu yake si ngumu. Ukurasa wa A4 ulioandaliwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, kipimo cha kawaida cha uchapaji, una nukta 2,480 kwa 3,508, sawa na nukta milioni 8.7. Katika mfumo wa wino nne za uchapaji, kila nukta huchukua baiti nne, hivyo tabaka moja lililojaa hufikia megabaiti 35. Lebo yenye matabaka 20 ya aina hiyo huweza kukaribia megabaiti 700.

Bango la mita tatu kwa moja ni zito zaidi. Hata likiandaliwa kwa nukta 100 tu kwa inchi, lina nukta milioni 46.5, na tabaka moja huchukua megabaiti 186. Matabaka kumi yanakaribia gigabaiti mbili, kabla ya kuhesabu kumbukumbu ya hatua zilizopita ambayo programu huiweka ili msanifu aweze kurudi nyuma, na kabla ya kuhesabu mfumo wa kompyuta wenyewe na programu nyingine zilizofunguliwa.

Kwa sababu hiyo RAM ya gigabaiti 8 ni ya kuanzia kujifunzia. Kwa kazi ya kulipwa, gigabaiti 16 ndicho kiwango cha chini kinachofaa, na anayefanya mabango mara kwa mara aelekee kwenye 32. Ni vyema RAM iwe vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja, kwa kuwa ubao mama huvisoma vyote kwa pamoja na kasi huongezeka.

DDR4 na DDR5 hazibadilishani. Pengo la kipande moja liko mahali tofauti na la nyingine, hivyo RAM isiyo yake haiingii hata ikilazimishwa. Aidha, katika mbao nyingi za DDR5, kujaza nafasi zote nne huweza kupunguza kasi. Mwenye uwezo ni afadhali anunue vipande viwili vikubwa tangu mwanzo.

Soko la RAM pia lina msimu wake, kama lilivyo la mahindi. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei zilipanda kwa kasi duniani baada ya viwanda kuelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Mnunuzi aliyetumia orodha ya bei ya miezi michache iliyotangulia alikuta bajeti yake imepinda. Funzo ni kwamba bei ya kipande hiki iulizwe wiki ile ile ya kununua.

Diski mbili, kazi mbili

Diski ngumu ya kizamani, ile yenye sahani inayozunguka, husoma megabaiti kati ya 100 na 200 kwa sekunde. SSD inayounganishwa kwa waya wa SATA hufikia takriban 550. SSD ya aina ya NVMe, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, hufikia 3,500 kwa zile za kizazi cha tatu, na zaidi kwa zile za vizazi vilivyofuata.

Faili la gigabaiti mbili ambalo diski ya kizamani ingelisoma kwa zaidi ya sekunde kumi, NVMe hulisoma kwa muda usiofika sekunde moja, kwa hesabu ya kasi ya diski peke yake. Hivyo mfumo wa kompyuta, programu na kazi za mwezi huu vikae kwenye SSD.

Hata hivyo, diski ya kizamani haijafa. Kwa kila gigabaiti ni nafuu, na inafaa kwa ghala la kazi zilizokwisha. Mteja wa unga aliyepotea miaka miwili huweza kurudi akitaka lebo ile ile ibadilishwe uzito tu. Msanifu mwenye faili hulipwa kwa kazi ya nusu saa, na asiye nalo huanza upya.

Ikumbukwe kuwa ghala lililo ndani ya kasha hilo hilo si akiba. Wizi, moto au radi huondoka na vyote kwa pamoja. Nakala moja ikae kwenye diski ya nje inayochomolewa na kuhifadhiwa mahali pengine.

Kadi ya michoro: Fedha inapozama

Hiki ndicho kipande kinachonunuliwa kwa sifa kuliko vyote. Kadi kubwa yenye feni tatu na taa za rangi hupendeza, lakini kwa anayechora lebo sehemu kubwa ya nguvu yake hulala bila kazi.

Sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa za kisasa huweza kubeba kazi nyingi za picha bapa. Ikihitajika kadi, ndogo yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inatosha kwa kundi la kwanza, hata kwa skrini ya 4K.

Mambo hubadilika kwa wale wa kundi la tatu. Programu kama Blender, ambayo ni ya bure, huweza kutumia kadi ya michoro kutengeneza picha na kupunguza saa kuwa dakika. Huko kumbukumbu ya kadi ndiyo kirutubisho haba: jengo lenye miti, magari na samani nyingi likizidi kumbukumbu hiyo, kazi hupungua kasi au hukwama. Gigabaiti 8 ni za kuanzia, na 12 au zaidi hutoa nafasi ya kupumua.

Monita ndiyo macho

Monita mara nyingi hununuliwa mwisho kwa chenji iliyobaki. Kwa msanifu hilo ni kosa la gharama, kwa kuwa kila uamuzi wa rangi hupitia hapo.

Skrini huonyesha rangi kwa kuchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Lugha hizi mbili hazilingani kikamilifu, na baadhi ya rangi kali zinazong'aa kwenye skrini haziwezi kupatikana kwa wino. Monita duni huongeza tatizo juu ya tatizo.

Kinachotakiwa ni skrini ya aina ya IPS, ambayo rangi zake hazibadiliki sana mtu akiitazama kutoka pembeni, tofauti na zile za aina ya TN. Maelezo yake yaonyeshe kuwa inafikia karibu asilimia 100 ya sRGB, kipimo cha rangi kilichoanzishwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Ukubwa wa inchi 24 wenye nukta 1,920 kwa 1,080 unatosha kuanzia, na inchi 27 yenye 2,560 kwa 1,440 huonyesha mambo kwa ukali zaidi.

Mwanga wa skrini nao upunguzwe. Wengi huacha monita ikiwaka kwa nguvu zote kama ilivyotoka dukani, kisha hushangaa kazi iliyochapwa ikionekana kufifia na kuwa nyeusi. Dawa nafuu ni kuchapa sampuli moja, kuishika karibu na skrini na kurekebisha mwanga hadi vifanane kwa kadiri inavyowezekana.

Msindikaji aliyeagiza mifuko 5,000 yenye rangi ya machungwa akapata ya matofali hatajali prosesa ilikuwa ya aina gani. Atataka fedha yake.

Umeme: Moyo usioonekana

Pawa saplai hubadilisha umeme wa ukutani wa volti 230 kuwa volti ndogo zinazotumiwa na vipande vya ndani. Ikiwa duni, siku ikiungua huweza kuondoka na ubao mama na diski. Si busara kuokoa fedha kidogo hapa na kuhatarisha mashine nzima.

Namba kubwa ya wati iliyobandikwa ubavuni peke yake haitoshi. Ni vyema kutafuta yenye alama ya 80 Plus, inayoonyesha kuwa ilipimwa na kukutwa ikitumia vizuri angalau asilimia 80 ya umeme inaouchukua. Kwa mashine ya lebo isiyo na kadi kubwa, wati 450 hadi 550 zinatosha na kubaki.

Baada ya pawa saplai hufuata UPS. Hapa wengi huchanganya VA na wati. Katika UPS nyingi ndogo wati huwa karibu asilimia 60 ya VA, hivyo iliyoandikwa 1,000VA hubeba takriban wati 600. Inafaa ichaguliwe yenye kurekebisha volti zinapopanda na kushuka. Kazi yake ni kumpa msanifu dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu, si kufanyia kazi hadi umeme urudi.

Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hiyo. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuizidi nguvu. Aidha, fundi umeme aliyesajiliwa akague kama chumba kina waya wa ardhini unaofanya kazi.

Joto na vumbi navyo ni maadui. Kasha liwe na feni inayoingiza hewa mbele na nyingine inayoitoa nyuma, lisikae sakafuni, na lipulizwe vumbi kila baada ya miezi michache.

Mitumba nayo

Kompyuta zilizotumika maofisini huko Ulaya na Marekani zimewasaidia wengi kuanza, na si jambo la kubezwa. Lakini mnunuzi asome zaidi ya neno i5 au i7 lililobandikwa mbele.

Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi. Prosesa ya i5-6500 ni ya kizazi cha 6, i5-8500 ni ya 8, na i5-12400 ni ya 12. Yenye jina i7 ya kizazi cha 4 huweza kuachwa mbali na i3 ya kizazi cha 12.

Kizazi kina maana nyingine pia. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake hutaka, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana, pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Mashine ya kizazi cha 6 hununuliwa kwa bei ndogo kwa sababu hiyo. Anayeichukua awe tayari kutumia Linux, ambayo hupokea programu za bure kama Inkscape, GIMP, Scribus na Blender.

Jambo lingine ni umbo. Kasha jembamba la ofisini mara nyingi hupokea kadi fupi tu, na pawa saplai yake huwa ndogo na ya umbo lisilopatikana kirahisi. Anayekusudia kuiongezea nguvu baadaye huweza kukuta mlango umefungwa.

Hesabu mezani

Tuchukue mfano wa msanifu wa lebo na mabango mwenye sh 3,000,000, ambaye kibodi na kipanya tayari anavyo. Bei hutofautiana baina ya maduka na hubadilika, hivyo kinachofaa kuangaliwa ni mgawanyo.

Monita apewe asilimia 20, yaani sh 600,000. Prosesa yenye sehemu ya michoro ndani yake asilimia 16, sh 480,000. RAM asilimia 14, sh 420,000. Ubao mama asilimia 12, sh 360,000. SSD asilimia 10, sh 300,000, na UPS kiasi hicho hicho. Pawa saplai asilimia 7, sh 210,000. Diski ya akiba asilimia 6, sh 180,000. Kasha na feni asilimia 5, sh 150,000.

Kadi ya michoro haimo. Akipata kazi za majengo, ataiongeza kwa fedha ya kazi hizo, kwa kuwa ubao mama na kasha vina nafasi, na wakati huo atapima kama pawa saplai inatosha.

Sasa tuseme mwenzake ametumia sh 1,300,000 kwa kadi ya michoro, akabana RAM hadi gigabaiti 8, akaweka diski ya kizamani na kuchukua monita kuukuu. Tuseme mashine hiyo humpotezea dakika 40 kwa siku akisubiri faili zifunguke na kuhifadhiwa.

Kwa siku 26 za kazi, hizo ni dakika 1,040, yaani saa 17 na dakika 20 kwa mwezi. Kama lebo moja humchukua saa tatu na humlipa sh 30,000, amepoteza nafasi ya lebo tano kamili, au sh 150,000 kila mwezi.

Mkopo wa sh 3,000,000 unaorejeshwa kwa miezi 24 unadai sh 125,000 kwa mwezi bila riba. Kwa maneno mengine, kama wateja wapo, muda unaopotea peke yake ungeweza kulipa marejesho ya mtaji. Wote wawili wametumia fedha ile ile, lakini mmoja mashine inamlipia deni na mwingine analilipa yeye na mashine pamoja.

Baada ya kununua

Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya EFD, kadi za waranti na namba za kila kipande zihifadhiwe. Ni vyema mashine iwashwe na kujaribiwa dukani kabla ya kuondoka, kwa kufungua programu na faili halisi la kazi, si kwa kutazama taa zikiwaka.

Kwa mfanyabiashara anayetunza hesabu kamili, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaziweka kompyuta na vifaa vyake katika daraja la kwanza la uchakavu, kwa asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Kwa mashine ya sh 3,000,000, mwaka wa kwanza hukatwa sh 1,125,000, wa pili sh 703,125, na wa tatu takriban sh 439,453. Baada ya miaka mitatu, thamani yake vitabuni ni kama sh 732,400 tu.

Namba hizo zinaonyesha kuwa kompyuta ni mali inayoyeyuka. Anayetarajia kuitumia kwa miaka minne aweke kando sh 62,500 kila mwezi, ili siku ya kununua nyingine ikifika asirudi kupanga foleni ya mkopo.

Mkulima makini hupima udongo kabla ya kununua mbolea. Msanifu naye apime kazi yake kabla ya kununua vipande, aulize kipi ni haba, na fedha yake aielekeze hapo. Kilichobaki ni kufanya kazi, kwa kuwa hata jembe zuri namna gani halijilimii lenyewe.